Mwalimu wa Kwaya Aliyekwenda Kumwita Mwanawe

Mwalimu wa kwaya hakupenda mtu anayeimba amefumba macho. Alikuwa akiusimamisha wimbo katikati, anakinyoosha kitana kile kile alichosukia watu mchana kutwa, anamwelekezea mwenye kosa: "Weye! Unaimbia nani? Mungu eko ndani ya kope?" Basi waliofumba walifumbua, hata wale waliokuwa wanasali kweli. Mimi si wa kanisa lao. Ni mwanamke wa Tanga, na Ijumaa yangu naipeleka msikitini Mayfair. Lakini kwa miaka mingi tumepanga chumba kimoja cha biashara huko Bertrams, hapa hapa Johannesburg, yeye na viti vyake vya kusukia upande wa dirisha, mimi na majora yangu ya vitenge upande wa ukuta, na Jumamosi jioni kwaya inapofanya mazoezi humo humo sina pa kukimbilia. Nazijua nyimbo zao kuliko baadhi ya waumini wao.

Mama yule Mkongo alikuwa na kauli zake, na ukikaa naye wiki moja tu unazijua zote. Mteja akilalamika kwamba nywele zinamvuta, anaambiwa: "Bon, kama haivute, haijakamata." Mtu akimwambia kwaya imeimba vizuri, anajibu kwamba vizuri ni ya harusi, yeye anataka sawasawa. Siku za mechi, uwanja wa Ellis Park unapopiga kelele mpaka vioo vyetu vinatetemeka, alitikisa kichwa na kusema: "Batu wote wale, na hata moja hana sauti ya pili." Nilicheka sana. Yeye hakuwa anatania.

Kauli yake kubwa, ambayo ndiyo kisa cha mimi kuandika haya, ilikuwa kwamba anayeitwa hujibu. "Anayeitwa anajibiaka," alisema, na aliisimamia kuliko amri za kanisa. Nyimbo zake nyingi alizitunga mwenyewe kwa mtindo wa kuita na kuitikiwa. Yeye anaita, wao wanajibu, na hawezi kuita mara ya pili kabla hajasikia jibu. Mkono wake unabaki juu, kimya, anangoja. Kuna siku jamaa wa sauti ya tatu alitoka kwenda kusogeza gari lake barabarani. Mwalimu aliusimamisha mkono hewani, kwaya nzima ikangoja, mimi nikapima kitenge nikakikata nikakikunja, mkono bado uko juu. Jamaa akarudi mbio anahema, akajibu peke yake kwa aibu, ndipo wimbo ukaendelea.

Kabla ya huyo jamaa, sauti ya tatu ilikuwa ya mwanawe. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuja naye kutoka Lubumbashi akiwa mgongoni, kijana akakulia hapa hapa kati ya viti vya kusukia. Kiswahili chake cha kuzungumza kilikuwa cha kusukumasukuma, nusu Kizulu nusu Kiingereza, kama cha watoto wetu wote wa hapa. Ukimsalimia anakuambia "sharp" na imekwisha. Lakini akiimba, Kiswahili chake kilinyooka. Mama anaita, "Nani eko ku mulango?" na kijana anajibu kutoka pembeni, "Ni miye, unifungulie," wewe mwenyewe ungetaka kwenda kufungua.

Kijana huyo ndiye aliyekwenda Japani. Wafanyabiashara wa magari wa hapa wana watu wao kule, wanaonunua magari yaliyotumika na kuyakatakata vipuri, na yeye akapata kazi kwenye yadi moja mbali na miji. Siku za mapumziko hakwenda mjini kama wenzake. Alikuwa na kigari kidogo, anaingia nacho barabara ambazo watalii hawana habari nazo, anakwenda mpaka lami inakwisha, kisha anashuka na kutembea. Alimtumia mama yake picha za mabonde, madaraja ya mbao, nyumba zilizohamwa na miti ikaota sebuleni. Mwalimu alinionyesha picha zile huku ananuna. "Mutoto wa mutu anaenda Ulaya ya Bajaponi," alisema, "na anaenda kutafuta kijiji." Lakini alizikuza kwa vidole na kuziangalia tena na tena.

Ujumbe wake wa mwisho ulisema: Mama, nimepata njia mpya, nitakuita nikishuka. Kwao kuita ni hata kwa simu. Ilikuwa mwanzo wa baridi ya kule. Kigari kilikutwa mwisho wa lami, milango imefungwa vizuri. Polisi na watu wa kijiji walitafuta, theluji ikaanguka, wakaacha kutafuta.

Sasa nawaambia kitu kuhusu mwanamke huyu. Aliogopa lifti. Kwenye jengo la ofisi kule Marshalltown, alipokuwa akifuatilia karatasi zake za kukaa nchini, alipanda ngazi mpaka magoti yakamvimba. Aliogopa mbwa, hata wale wadogo wanaovalishwa sweta. Kwenye robot, taa za barabarani, hakuvuka mpaka mtu wa kijani atokee, hata kama barabara nzima ni tupu na mvua inamnyeshea. Na ni huyo huyo aliyepanda ndege peke yake wiki chache baada ya kijana kupotea, akafika nchi ambayo hajui neno lake hata moja, akaenda mpaka pale lami inapokwisha. Nilimwuliza siku moja kama hakuogopa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. "Niliogopa yote," alisema. "Kwani nani alikuambia kuogopa njo kubakia nyumbani?"

Safari ile hakuwahi kunisimulia kwa mpangilio. Aliitoa vipande vipande, akiwa na kichwa cha mtu mikononi, na mara nyingi kipande kilikatikia mteja alipolipa. Nilikuja kujua kwamba treni ya mwisho ilikuwa ya behewa moja, na dereva wake ananyoosha kidole mbele na kujisemesha kila anapopita taa. Kituo alichoshukia hakikuwa na mtu hata mmoja. Tiketi yako unaidumbukiza kwenye kisanduku, unakwenda zako. Njiani kulikuwa na meza ya mboga bila mwuzaji, figili na vitunguu vimepangwa, na kopo la kutilia hela. Alisimama pale kwa muda mrefu akingoja mwenyewe atokee, maana aliona vibaya kupita mezani kwa mtu bila salamu. "Hapa Joburg," nilimwambia, "lingeondoka kopo, ikaondoka meza, wangerudi kuchukua kivuli chake." Alicheka siku hiyo, na kucheka kwake kulikuwa kumeshaanza kuadimika.

Kulikuwa na kituo cha basi ambapo alimkuta mzee ameketi na kofia yake. Mwalimu akampigia goti, akamwamkia, akakaa kando yake kwa adabu. Mzee kimya. Akadhani labda ana hasira na wageni. Akamkaribisha biskuti. Baadaye sana ndipo alipoona kwamba mikono ya yule mzee ni majani makavu yaliyoshonewa glavu. Kijiji kimeishiwa na watu, waliobaki wanashona masanamu ya nguo na kuyakalisha pale walipokuwa wakikaa jirani zao. Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama sikuweza. "Nilimuacha na biskuti yake," alisema.

Alikaa kwa bibi mmoja wa kijiji kile, mjane anayeishi peke yake kwenye nyumba kubwa ya mbao. Mpango huo uliwekwa na Mzanzibari mmoja wa yadini, aliyefanya kazi na kijana. Yeye ndiye aliyempokea Mwalimu pale kijijini na kumtafsiria siku mbili za mwanzo, kisha akarudi kazini na kubaki kusaidia kwa simu. Bibi na Mwalimu hawakuwa na lugha, ila walikuwa na vyungu, mafagio na magoti mabovu, na kwa wanawake wawili wa umri ule ni mazungumzo ya kutosha.

Waligombana mara moja tu. Kila alfajiri bibi alikuwa akiweka kibakuli cha wali kwenye kabati la wafu wake, mbele ya picha ya mumewe. Asubuhi moja Mwalimu akaona vibakuli viwili. Akauliza kwa mkono, bibi akajibu kwa mkono: hiki cha mume wangu, hiki cha mwanao. Mwalimu alikinyakua kile kibakuli kwa nguvu mpaka wali ukamwagika, akakipiga mezani. "Mutoto yangu hayakufa!" Alipiga kelele kwa Kiswahili, bibi akajibu kwa Kijapani, wote wawili wakalia. Kesho yake bibi alikiweka kibakuli cha kijana mezani wanapokula wao, na vijiti vyake, mahali pa mtu aliye safarini anayetarajiwa kurudi. Mzanzibari alimweleza baadaye kwamba desturi hiyo ipo kule, ya kumpakulia aliye mbali ili arudi salama. Tangu siku hiyo walikula watatu.

Na sasa nifike pale ambapo yeye mwenyewe hakupenda kufika. Alinisimulia mara moja tu, akiwa ameketi kwenye kiti cha wateja, na mimi nimesimama nyuma yake kana kwamba ndiye anayesukwa.

Vijiji vya kule vina nguzo zenye vipaza sauti, bonde zima. Jioni saa kumi na moja vinapiga muziki kuwaambia watoto warudi nyumbani, ingawa watoto wenyewe hawapo tena. Ukitokea moto vinatangaza, mzee akipotea milimani vinatangaza. Ofisa wa kijiji alikuwa amekwisha kutangaza habari za kijana mara nyingi, na akatangaza tena kwa heshima ya mama. Mwalimu alilisikia jina la mwanawe likipita juu ya mapaa, limekatwakatwa na ulimi mgeni. Akamwambia Mzanzibari kwenye simu: mwambie aniachie mimi. Ofisa akakataa, kitu kile ni cha serikali, si cha kila mtu. Mwalimu akaketi sakafuni pale ofisini. Bibi mwenyeji wake akaja, akaona, akavua viatu, akaketi sakafuni kando yake. Yule ofisa alikuwa mtu wa makamo na bibi yule alimjua tangu anatambaa. Mwishowe alisogeza kiti na kumpisha.

Mwalimu hakusema. Aliimba. Aliita kama anavyoita Jumamosi, "Nani eko ku mulango?" Sauti yake ikatoka nguzo kwa nguzo, ikagonga mlima, ikarudi imechelewa, nani, nani, nani. Akauinua mkono, akangoja. Na katika kungoja kule, anasema, kutoka ng'ambo ya mto sauti moja haikuuliza. Ilijibu.

Alitoka mbio. Ofisa na bibi walimfuata wakimwita, hakugeuka. Alivuka daraja, akapanda upande ule ilikotoka sauti, kwenye theluji iliyobaki kivulini, na viatu vile vya Bertrams. Walimpata jioni amepiga magoti, sauti imemkauka, vidole vya miguu havina damu. Alikwenda tena kesho yake, na siku zilizofuata, upande ule ule, na watu wa kijiji walikwenda naye, wazee wote, wamefunga kengele viunoni kwa ajili ya dubu. Hawakuona hata unyayo. Kisha muda wa viza ukaisha, na viza haina huruma na mama wa mtu.

"Mi ni mwalimu," aliniambia pale kitini. "Sauti yangu naijua. Zile zingine zilikuwa zangu. Ile moja haikuwa yangu."

"Mlima, Mwalimu. Mlima unarudisha."

"Mulima haujibiake. Alijibu. Na mi nikapanda ndege." Alijifunika uso kwa taulo la wateja. "Nilimuacha anaita."

Tangu aliporudi ndivyo alivyoishi. Aliamini kwamba mwanawe alikuwa hai siku ile, amevunjika mahali, amemsikia mama yake, amejibu, na mama akakimbilia kusiko. Hakuna matanzi mabaya kama hayo. Angeamini amekufa angelia akapumzika. Angeamini ameokoka angesubiri kwa furaha. Yeye alikaa katikati, na pale katikati hapakaliki.

Wazee wa kanisa walikuja wakiwa na maneno mazuri, kwamba mwaka unapita, bora wafanye matanga, watu wakae, waimbe, moyo upoe. Alikiweka kitana mezani. "Matanga ya nani?" Wakarudia. Akawauliza tena, sauti ya chini kuliko mwanzo, "Ya nani, papa?" Waliondoka hawajanywa hata chai yangu. Mteja aliyemwambia pole alisukwa mpaka mwisho, tena vizuri, lakini aliporudi mara nyingine alikuta hakuna nafasi. Mimi nilijifunza. Badala ya pole nilimwambia Mwalimu kula, Mwalimu vaa koti, Mwalimu sogea hapa kwenye jua. Nilimgombeza sana. Nadhani alinivumilia kwa sababu hiyo.

Kwaya aliendelea kuifundisha, ila zile nyimbo za kuita alizifuta zote. Waliimba za pamoja tu, mwanzo mpaka mwisho. Na mchana, katikati ya kusuka, mikono yake ilikuwa ikisimama ghafla. "Umesikia?" Barabarani ni hooter za magari, ni watu wa spaza, viduka vyetu vya mtaani, wanabishana, ni kelele yetu ya kila siku. Namwambia sijasikia kitu. Anasuka tena. Wateja wakaanza kuogopa, wakapungua. Akakonda. Nywele za wenzake alizipanga mstari kwa mstari, zake alizifunika kwa kitambaa kile kile wiki nzima. Aliniambia mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeagiza nyanya, kwamba angependa alale asiamke, ila anaogopa mutoto akishuka hatamkuta mtu wa kumpokea simu. Niliingia chooni nikalia huko, nikanawa, nikarudi kukata vitambaa.

Simu ya Mzanzibari ilinikuta Mayfair, natoka kuswali. Alikuwa na namba yangu tangu siku za safari. Hakuweza kumpigia mwenyewe, alisema, ulimi unamgoma. Wawindaji wa nguruwe mwitu walikuwa wamekuta mabaki chini ya genge, pamoja na begi na karatasi za kazi. Daktari amethibitisha. Nilisimama ukutani watu wananipita na salamu zao, nikamsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikatembea mpaka Bertrams kwa miguu, maana nilijua nikipanda gari nitafika.

Nilimkuta peke yake anachambua nywele za bandia. Alinitazama usoni, akaziweka chini.

"Sema."

"Mwalimu, tukae kwanza."

"Niko nimekaa. Sema."

Nikamwambia. Wamempata. Hakulia. Aliuliza wapi, na hapo ndipo nilipotamani niwe bubu. Nilimwambia, upande mwingine wa mlima. Si ng'ambo ya mto.

Nilimwona anavyoshuka. Mabega, kisha shingo, kisha mikono ikalala mapajani. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali hukumu aliyokwisha kuitarajia. "Nilikimbilia kule," alisema. "Na yeye alikuwa huku. Alikuwa huku ananiita."

Nikaendelea kwa sababu sikujua kunyamaza vipi. Nilimwambia kwamba genge ni refu, daktari anasema shingo, hakuteseka. Aliinua mkono kunikatiza. Daktari hakuwepo, alisema, madaktari wote wanasemaka vile kwa bamama. Nikamwambia basi kitu ambacho nilikuwa nimeapa njiani sitamwambia, kwa kuwa kilinichoma mimi nisiye mzazi wake. Kwenye begi kulikuwa na chakula chake cha siku ile, vitonge vya wali vya dukani, bado vimo kwenye karatasi zake za nailoni.

Aligeuka.

"Hakukula?"

"Hakula, Mwalimu."

"Hata moja hakufungua?"

"Vyote vimefungwa. Mzanzibari ameviona kwa macho yake, na chupa ya maji imejaa."

Alisimama. Alikwenda dirishani, akarudi, akanishika mikono miwili kwa nguvu mpaka pete yangu ikaniumiza. Uso wake ulikuwa unafanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye uso wa mtu.

"Mutoto yule," alisema, "saa sita haikupitaka bila yeye kula. Hata akiwa na malaria alikulaka. Angevunjika miguu yote miwili, angekula amelala chini." Alivuta pumzi. "Alianguka mbele ya saa sita ifike. Siku ile ile. Mi nilikuwa hapa, nasuka."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi nilipoita hakukuwa mutu."

"Hakukuwa na mtu."

"Ilikuwa mulima."

"Ilikuwa mlima, Mwalimu."

Aliporomoka, nikamdaka, tukaenda chini wote wawili kati ya viti. Alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kwa sauti kubwa isiyo na mpango wowote, watu wakaanza kusimama mlangoni, na katikati ya kilio akawa ananivuta kanga na kunisemesha sikioni, anarudia rudia kama mtu anayeogopa nitasahau.

"Sikumuacha, mudogo yangu. Sikumuacha. Waambie, sikumuacha."